Giza Lililo Karibu: Namna ya Kutafuta Mahali pa Kutazama Nyota Nje ya Mji Mdogo

Kwa mwaka mzima nilikuwa naendesha gari kilomita 42 kila mwezi unapokaribia kuandama, nikatazame nyota mahali nilipopachagua kwa sababu moja tu: palikuwa mbali. Usiku mmoja gari likazima njiani, kilomita 11 tu kutoka mjini, nyuma ya kilima kirefu cha mawe. Nikazima taa zote ili betri isiishe, nikakaa kusubiri msaada. Nusu saa baadaye niliinua macho. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota zisizohesabika za galaksi yetu, ilikuwa imekatiza anga kutoka upande hadi upande, imepasuka katikati kama gogo lililopigwa shoka, na ule ufa wake mweusi ulikuwa na matawi madogo madogo yanayoingia ndani ya mwanga. Kule kilomita 42 sikuwahi kuona tawi hata moja.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa sababu. Kule mbali nilikuwa nimeukimbia mji mmoja nikaukaribia mwingine, tena huo mwingine ulikuwa kusini, upande uleule niliokuwa nikiutazama. Hapa karibu, mji ulikuwa mgongoni mwangu na kilima kimeufunika. Tangu siku hiyo nimetafuta giza kuzunguka miji midogo mitatu tofauti, na kila mara nimelipata karibu kuliko nilivyodhani. Nitaeleza ninavyofanya, hatua kwa hatua, pamoja na makosa yaliyonigharimu usiku mwingi mzuri.

Kwanza uelewe mji unavyong'aa

Jiji kubwa hulitia weupe anga zima, hata utosini. Mji mdogo haufanyi hivyo. Unatengeneza kuba la mwanga lililokaa chini, juu ya mapaa yake, na ukishatoka nje kidogo kuba hilo linabaki upande mmoja tu wa upeo. Hiyo ndiyo bahati ya anayeishi karibu na mji mdogo: hahitaji kulikimbia, anahitaji kuligeuzia mgongo.

Umbali nao una kazi yake, ila si kama watu wanavyoufikiria. Mwanaastronomia Merle Walker, aliyepima mng'ao wa miji ya California miaka ya 1970, aligundua kwamba mng'ao hupungua haraka kuliko umbali unavyoongezeka. Ukizidisha umbali mara mbili, mng'ao haubaki nusu. Unabaki chini ya moja ya tano. Kwa hiyo kutoka kilomita 5 hadi kilomita 10 ni hatua kubwa sana, utaiona kwa macho. Lakini kutoka kilomita 40 hadi 45 unachoma mafuta kwa faida ndogo. Mimi sasa natafuta kati ya kilomita 8 na 20, na sivuki hapo mpaka niwe nimemaliza pande zote.

Rangi ya taa pia inahesabika. Hewa hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu, ndiyo maana anga la mchana ni la buluu. Taa nyeupe za LED zina buluu nyingi ndani yake kuliko zile taa za zamani za rangi ya chungwa, kwa hiyo mwanga wake unaokwenda juu hutawanyika zaidi na kuongeza weupe wa anga. Mji ukibadilisha taa za barabarani, rudi ukapime upya mahali pako hata kama ulipazoea.

Ramani mbili, si moja

Ramani za uchafuzi wa mwanga zipo kwenye intaneti bila malipo. Zimepakwa rangi: nyeusi na buluu ni giza, kijani na njano ni katikati, nyekundu na nyeupe ni mwanga mwingi. Nyingi zinatumia data ya setilaiti ya Suomi NPP iliyorushwa mwaka 2011, yenye kamera inayoona taa za usiku. Mwaka 2016 watafiti walitoa atlasi ya dunia nzima iliyotokana na data hiyo, wakaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa kwa mwanga, na kwamba theluthi moja ya watu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Nilipoisoma hiyo theluthi nilisimamisha kazi nikamwita binti yangu tukatoka nje.

Ramani hizo ni mwanzo mzuri, lakini zina mapengo matatu ambayo ni lazima uyajue. Setilaiti hupita karibu saa saba na nusu usiku, wakati maduka yamefungwa na watu wamelala. Uwanja wa mpira unaowasha taa kubwa hadi saa nne usiku hautaonekana, na wewe ndiye utakayeukuta. Pili, kamera yake haiuoni mwanga wa buluu, kwa hiyo mji wenye LED nyeupe unaonekana mpole kuliko ulivyo. Tatu, rangi zile zinaeleza hasa hali ya anga la utosini. Upeo wa macho, ambako ndiko matatizo ya mji mdogo yalipo, huwezi kuujua kwa rangi.

Ndiyo maana nafungua na ramani ya pili, ile ya kawaida yenye mistari ya mwinuko. Naweka alama mjini, kisha natafuta kilima, ukingo wa bonde au msitu mrefu ulio kati ya mji na uwanja ulio wazi. Kilima hakiondoi kuba la mwanga lililo hewani, ila kinaficha taa zenyewe, na taa moja inayokupiga machoni ina madhara kuliko kuba zima lililotulia kwa mbali. Natazama pia barabara zinavyokaa. Barabara inayokuja moja kwa moja kuelekea mahali pako, hata kama ina magari manne tu kwa saa, itakupofusha mara nne kwa saa. Ile inayopita kwa ubavu haisumbui. Naweka alama kwenye machimbo, vituo vya mafuta, maghala na vitalu vya mimea vinavyowashwa taa. Minara ya mawasiliano yenye taa nyekundu huwa siihofii. Inachosha macho kidogo tu.

Mwisho wa kazi hii ninabaki na sehemu tatu au nne, na ninahakikisha haziko upande mmoja wa mji.

Upande upi?

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka mzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jiulize unataka kuona nini. Kitovu cha Njia Nyeupe, sehemu yake nene na angavu kuliko zote, kiko upande wa kundinyota la Mshale, jirani na Nge. Unakiona jioni kuanzia Juni hadi Septemba. Aliye kaskazini ya mbali hukiona chini, upande wa kusini, kwa hiyo mji wake na uwe kaskazini mwake, ili anga la kusini libaki safi. Aliye karibu na ikweta au kusini yake hukiona juu sana, karibu na utosi, na kwake upeo haumbani vile. Lakini akitaka Salibu, lile kundinyota lenye umbo la msalaba, au Mawingu ya Magellan, yale madoa mawili meupe kama moshi uliosimama, naye anahitaji kusini safi. Mpenzi wa galaksi ya Andromeda aliye nusu ya kusini ya dunia anahitaji kaskazini safi, maana kwake haipandi juu.

Upeo wenyewe ni mgumu hata bila mji. Nyota iliyo utosini mwanga wake unapita kwenye unene mmoja wa hewa. Iliyo nyuzi 30 juu ya upeo inapita kwenye unene mara mbili. Iliyo karibu kabisa na upeo inapita kwenye hewa nyingi kiasi cha mara 38 hivi. Ukiongeza kuba la mji hapo, nyota hafifu haina nafasi. Mahali ambapo mji uko upande usioutazama panaweza kushinda mahali penye giza zaidi kwenye ramani ambapo mji uko mbele yako. Nimelipima hilo kwa macho yangu mara nyingi, na bado hunishangaza.

Kama unaweza, usitafute mahali pamoja. Mimi nina pa Mshale, nina pa kundinyota la Jabari na kikundi cha nyota cha Kilimia ambapo panatazama mashariki, na nina pa dharura, dakika kumi kutoka mlangoni, kwa usiku ambao mawingu yanafunguka ghafla.

Nenda mchana kabla ya kwenda usiku

Usiku wa kwanza usiwe ndio mara yako ya kwanza kufika. Nenda saa kumi jioni, jua likiwa bado lipo, utembee kwa miguu.

Mtafute mwenye ardhi. Mweleze unataka kukaa saa mbili tatu ukitazama nyota, utakuja na watu wangapi, gari lipi, na utaondoka saa ngapi. Sijawahi kukataliwa na mtu niliyemfuata mchana nikamweleza. Nimewahi kufukuzwa na mtu niliyekuwa nimesimama kwenye uwanja wake saa tano usiku na tochi mkononi, na alikuwa na haki. Uliza pia kama mifugo hulala hapo, kama kuna mbwa, kama geti hufungwa, na kama kuna nyoka kwenye nyasi ndefu. Wenyeji wanajua pia bonde lipi linajaa ukungu saa nne usiku, jambo ambalo hakuna ramani itakayokuambia.

Kisha simama katikati ya uwanja, ugeuke polepole mduara mzima. Nyoosha mkono mbele yako, ukunje ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10 angani. Kwenye kila upande naandika miti na vilima vinapanda ngumi ngapi. Ngumi moja ni sawa. Mbili, naanza kufikiri. Tatu upande ninaoutaka, naondoka. Mchana pia ndio wakati wa kuona nguzo za taa ambazo usiku zitakuwa zimewaka, na mashimo ambayo usiku hutayaona.

Amua gari litasimama wapi, na lisimame likiangalia njia ya kutokea. Ukirudi nyuma, zile taa nyeupe za nyuma zitaharibu macho ya kila mtu aliyebaki. Zima taa ya ndani inayowaka mlango unapofunguliwa. Fanya hivyo nyumbani, taratibu, si pale.

Kuhusu kimo: kileleni kuna upepo unaotikisa darubini, na chini kabisa ya bonde hewa baridi hutuama, ukungu na umande vikafuata. Mimi hupenda katikati ya mteremko, au uwanda ulioinuka kidogo. Umande ukianza kulowesha jalada la daftari, lenzi za darubini zitafuata baada ya muda mfupi.

Usiku wa kupima

Chagua usiku usio na mbalamwezi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama na kufuta karibu kila kitu, kwa hiyo hata mahali pazuri kuliko pote duniani patakudanganya. Kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Siku nne au tano baada ya mwezi mpevu tayari una saa tatu hivi za giza jioni, na robo ya mwisho huchomoza karibu saa sita usiku. Kuanzia hapo hadi siku tatu nne baada ya mwezi kuandama, jioni ni zako.

Jua likizama, giza bado. Giza kamili huja jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo. Karibu na ikweta jua hushuka wima, na inachukua kama saa moja na robo. Kadiri unavyokwenda mbali na ikweta muda huo hurefuka, na walio juu ya nyuzi 49 hivi za latitudo hupita wiki nyingi za katikati ya kiangazi bila giza kamili hata mara moja. Mtu aliyepima anga nusu saa baada ya machweo hajapima kitu.

Halafu macho. Jicho lina seli za kuona rangi na mwanga mwingi, na lina nyingine za kuona gizani. Hizi za gizani zinahitaji dakika 20 hadi 30 kuamka, na zinaendelea kuongeza uwezo hata baada ya hapo. Mwanga mweupe wa sekunde chache unazirudisha nyuma, lakini mwekundu hafifu hauzisumbui sana. Tochi yangu nimeifunika kwa karatasi nyekundu ya kung'aa, mikunjo mitatu, nikaizungushia mpira wa kufungia. Simu naiacha garini. Watu hupunguza mwanga wa simu wakadhani inatosha, haitoshi.

Ukishakaa nusu saa, anza vipimo. Sihitaji kifaa, ingawa vipo vidogo vya mkononi vinavyopima weusi wa anga kwa namba: karibu 22 ni giza la asili, na 18 ni anga la mjini. Macho na daftari vinatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine.

Kipimo changu cha kwanza ni wingu. Nilifundishwa na binti yangu alipokuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumelala chali juu ya turubai, nikimwonyesha Nge, akaniuliza, "Mama, mbona pale nyota zimeisha?" Nikatazama. Palikuwa na tundu jeusi tii, kubwa kuliko ngumi, linasogea. Lilikuwa wingu. Nilizoea maisha yangu yote kuona mawingu ya usiku yakiwa ya kijivu au ya chungwa, kwa sababu taa za chini huyapiga tumboni. Pale hapakuwa na taa ya kulipiga, kwa hiyo lilipita kama kipande cha kitambaa cheusi kilichokatwa kwa mkasi, nyota zikizimika upande mmoja na kuwaka upande wa pili. Usiku wa mawingu machache usiuchukie: wingu likiwa jeusi kuliko anga, uko mahali pazuri, likiwa jeupe kuliko anga, mji umekufikia. Na utaona pia limekuwa jeupe upande gani.

Kipimo cha pili ni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota kama vifaranga waliosongamana. Nyota sita zinaonekana kwa urahisi mahali pa kawaida. Ya saba inataka anga zuri kidogo, na nikihesabu nane au tisa najua nimefika. Usizikodolee. Katikati kabisa ya jicho hakuna zile seli za gizani, ndiyo maana nyota hafifu hutoweka ukiitazama moja kwa moja na hurudi ukiitazama pembeni. Elekeza macho kando kidogo ya Kilimia, uiache akili ihesabu. Inataka mazoezi, na usiku wa pili utakuwa hodari kuliko wa kwanza.

Kilimia hakipo jioni kila mwezi, kwa hiyo kuwa na vipimo vya akiba. Aliye kaskazini atumie Dubu Mdogo: nyota zake kuu ni saba, na mahali ambapo zote saba zinaonekana bila kuhangaika anga lake ni zuri. Aliye kusini atazame ubavuni mwa Salibu, ambako kuna kiraka cheusi ndani ya Njia Nyeupe. Ni wingu la vumbi linaloficha nyota zilizo nyuma yake. Kingo zake zikionekana wazi, andika alama nzuri. Andromeda nayo, kidoa cha ukungu kilicho umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, ikionekana bila darubini ni dalili njema sana.

Mwaka 2001 Mmarekani John Bortle aliandika ngazi ya madaraja tisa ya kupima giza la anga, 1 likiwa giza la asili na 9 katikati ya jiji. Wanaotazama nyota huitumia kila mahali. Nje ya mji mdogo tarajia daraja la 3 au la 4, na hilo linatosha kwa maisha mazima ya kutazama. Usihuzunike kwa kukosa 1.

Kosa jingine nililofanya nalisema ili lisikupate. Niliwahi kukifuta kiwanja kizuri sana kwa sababu baada ya giza kuingia niliona mng'ao magharibi, nikaandika daftarini: "Kuna mji upande huu." Miezi miwili baadaye niliangalia ramani, magharibi hapakuwa na mji wala kijiji kwa kilomita nyingi. Nilichokiona kilikuwa mwanga wa zodiaki, yaani mwanga wa jua unaoakisiwa na vumbi lililotapakaa kati ya sayari. Kabla ya mapambazuko hutokea mashariki, na ndio ile alfajiri ya uongo inayotangulia alfajiri ya kweli. Unaonekana mahali penye giza la kweli tu. Nilikuwa nimepafuta mahali kwa sababu ya ushahidi wa uzuri wake. Tofauti ni hii: mng'ao wa mji ni mpana, umelala chini, na unabaki palepale usiku kucha. Mwanga wa zodiaki umesimama kama pembe ndefu, mpana chini na mwembamba juu, umeegemea kwenye mstari unaopita sayari, na baada ya muda unazama pamoja na nyota zake.

Rudi mara tatu kabla ya kuamua. Usiku mmoja unaweza kuwa na moshi wa nyasi zinazochomwa, mwingine vumbi, mwingine unyevu. Usiku bora kuliko wote ni ule unaofuata mvua iliyoosha hewa, anga likiwa limefunguka. Na nenda angalau mara moja saa mbili usiku na mara moja baada ya saa saba, ujue mji unalala saa ngapi.

Vitu vya kubeba, kwa kifupi

Turubai au kiti kinacholala nyuma, maana shingo huchoka kabla ya macho. Nguo nzito kuliko unavyodhani. Anayetazama nyota hatembei, na baridi ya saa nne usiku si baridi ya saa moja. Maji. Mtu aliye nyumbani ajue uko wapi na utarudi saa ngapi, na kama mtandao haushiki hapo, mkubaliane kabisa atafanya nini usiporudi. Mimi siendi peke yangu mahali nisipopazoea.

Darubini si lazima. Kama unayo ya macho mawili, yenye ukubwa wa 7x50 au 10x50 (yaani inakuza mara 7 au 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50), ichukue. Ile kubwa iache mpaka uwe umeshapachagua mahali.

Daftari, na taa moja

Ukurasa mmoja kwa kila sehemu: tarehe, saa, mwezi ulikuwa siku ya ngapi, Kilimia nyota ngapi au Dubu Mdogo ngapi, wingu jeusi au jeupe, kuba la mji linapanda ngumi ngapi, taa zipi zinaonekana na ziko upande gani. Baada ya mwaka mmoja kurasa zenyewe zitakupangia sehemu zako.

Nilivyokuwa nikipitia kurasa zangu niliona kwamba mahali pangu pa Kilimia palikuwa pakiniandikia tano, tano, sita, na kila mara pembeni nimeandika: "taa ya ghala." Ilikuwa taa moja tu, nyeupe, kwenye geti la ghala umbali wa mita 600, imefungwa ikiangalia mbele badala ya chini. Siku moja nikaenda mchana. Kijana mlinzi alinifungulia dirisha la geti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina ombi dogo, kuhusu hii taa yako."

Nilimweleza kwamba nusu ya mwanga wake ulikuwa ukipotelea mashambani, na kwamba ikiinamishwa geti lake lingepata mwanga zaidi na mimi ningepata giza. Akampigia msimamizi wake, wakazungumza, kisha akaleta ngazi na spana. Kazi ilichukua dakika kumi.

Usiku ule nilihesabu nane. Karibu saa tatu nikaona tochi inakuja kwa mbali, ikielekezwa chini muda wote kama nilivyokuwa nimemwomba. Alikuwa amemaliza zamu. Akaizima, akakaa kwenye ukingo wa turubai, akanyamaza nusu saa nzima bila kuniuliza kitu. Nilipomwonyesha Kilimia kiko wapi nilimwambia atazame pembeni kidogo, asikikodolee. Yeye alihesabu tisa.